Mtoto mwenye usonji hazoeshwi kwa kushtukizwa

Kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu ya wazazi: eti mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia) anayelia ratiba ikibadilika anadeka tu, mbadilishie mambo ghafla kila siku, atazoea.

Si kweli. Kung'ang'ania utaratibu uleule ni miongoni mwa dalili zinazotumika kutambua usonji. Daladala ikipita njia nyingine, hajui tena kinachofuata, na hofu inampanda. Kumshtukiza kunaizidisha.

Kuchanganya ni rahisi, maana kilio cha deko na cha kuzidiwa na hofu hufanana. Mwangalie vizuri: anayedeka kwa kawaida hunyamaza akipata alichotaka, aliyezidiwa mara nyingi huendelea hata akipewa, hata akiwa peke yake.

Kinachosaidia ni kumtayarisha. Bandika ukutani picha za shughuli za siku, na kadi ya mabadiliko, yaani ya kumwonyesha kuwa kitu fulani kitabadilika, anayoizoea kwanza kwa mambo mazuri, mathalani chapati badala ya ugali. (Kwa wengine hata chapati hiyo ni msiba, wewe ndiye unayemjua mwanao.) Mwambie mapema, kwa maneno machache, kipi kimebadilika na kipi kimebaki palepale.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Muulize kwanza mtaalamu wa afya ya watoto.