Faili Zipo, Kompyuta Haizioni

Mawakala wa forodha hapa Malaba, upande wetu wa Uganda, wanaishi kwa hati: ankara, vibali, nakala za mizigo. Ndiyo maana kompyuta ya nyumbani ikikataa kutafuta faili, simu inakuja moto: "Fundi, imefuta kazi yangu yote!" Mara nyingi haijafuta chochote. Fungua folda mwenyewe, utazikuta faili zimetulia.

Ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, kompyuta haianzi kuzunguka diski nzima. Inasoma faharasa iliyoandaliwa mapema, kama ile ya mwishoni mwa kitabu. Kwenye Windows 10 faharasa hiyo ni faili liitwalo Windows.edb, Windows 11 inatumia Windows.db. Kisichoandikwa humo hakitokei. Ukitafutia ndani ya folda ambayo haimo, File Explorer itapekua polepole, tena kwa kawaida majina ya faili tu, si maneno yaliyo ndani yake.

Basi mimi huanza na huduma ya Windows inayoiandika faharasa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, kisha shuka hadi "Windows Search". Iwe "Running", na aina ya kuwaka iwe "Automatic (Delayed Start)". Wanaofuata zile video za "harakisha kompyuta yako" huwa wameizima. Kasi wanayopata ni kiduchu, halafu wanashangaa hakuna kinachopatikana.

Huduma ikiwa hai, fungua "Indexing Options" kwenye Control Panel. Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Tangu 2019 Windows 10 ina njia mbili: "Classic", inayosoma Desktop na folda za kawaida kama Documents na Pictures, na "Enhanced", inayosoma kompyuta karibu nzima. Wakala mmoja alikuwa anaweka ankara zake zote kwenye D, kwa sababu aliyemwekea Windows aliigawa diski mara mbili. D haikuwa kwenye orodha. Nilibonyeza "Modify", nikaweka alama kwenye D, tukaiacha ijisomee huku tukinywa chai. Alipoandika tena jina la mteja wake, ankara zikajipanga mbele yake.

Kuna jingine linalochosha watu bure. Hati uliyoiskani ikawa PDF ni picha tu, isipokuwa programu ya kuskani imesoma maandishi yake. Unaona jina la mteja kwa macho, lakini kwa kompyuta hakuna herufi hapo, na hakuna ukarabati wa faharasa utakaolileta. Lipe faili jina la maana: mteja, namba ya gari, tarehe. "Scan0047" utaitafuta mpaka uzeeke.

Kuijenga upya faharasa nakuacha mwisho makusudi, ingawa mafundi wengi huanzia hapo. Ndani ya "Indexing Options" bonyeza "Advanced", kisha "Rebuild". Faili zako haziguswi. Kinachofutwa ni faharasa peke yake. Ila kazi yaweza kuchukua saa nyingi, na laptopu ikiwa kwenye betri Windows huipunguza kasi au kuisimamisha. Kwa hiyo angalia uniti za Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kabla hujaanza. Umeme ukikatika katikati kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), hiyo faharasa mpya nayo yaweza kuharibika. Subiri mpaka dirisha liandike "Indexing complete" ndipo ujaribu kutafuta.

Ikivunjika tena baada ya siku chache, acha kuilaumu Windows, ishuku diski yenyewe. Nakili kazi yako kwenye diski ya nje kwanza, ndipo uendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Usigeuze huo mfuatano: diski inayokufa haipendi kusumbuliwa.