Barabara za HOA: yale tunayodanganyana kwenye vikao

Kama umenunua nyumba Marekani kwenye mtaa wa HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa, chenye bodi na ada ya kila mwezi) na barabara zenu ni za praiveti, hizi hoja utazisikia tu, kwetu zinarudi kila mwaka.

"Nalipa kodi ya nyumba, kaunti ije izibe shimo." Haiji. Kaangalie ramani ya viwanja iliyosajiliwa, ikisema barabara ni ya praiveti basi na shimo ni lenu, na kodi haipungui kwa sababu hiyo. New Jersey kuna sheria inayoibana manispaa iondoe theluji na igharamie taa kwenye mitaa ya hivi au iwarudishie hela, ila lami hata huko ni juu yenu.

"Basi tuwakabidhi kaunti." Sawa, ila kawaida watataka kwanza upana, mitaro na unene wa lami vifikie viwango vyao, yaani mtengeneze kwa hela zenu ndo muwape. Na geti mlisahau, barabara ya umma haifungwi geti.

"Wageni na vijana wa mbio ndo wanaua barabara." Hapa watu wanagombana bure kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu na Ottawa, Illinois, zilijengwa barabara za majaribio, malori yakazungushwa juu yake kama miaka miwili hivi, ikaonekana mzigo kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ukiwa mara mbili uharibifu unapanda takriban mara 16, sio mara 2. Kwa hiyo Corolla ya mgeni wa jirani haina kesi, kesi anayo lori la taka! Kama mtaa wenu kila nyumba imejichagulia kampuni yake na malori matatu yanapishana humo humo kila wiki, kubalianeni kampuni moja. Mshtakiwa wa pili ni maji, yanaingia kwenye ufa mdogo uliodharauliwa, yanalainisha tabaka la chini, na baridi ikija yanaganda na kutanuka, mwezi wa tatu shimo hilo. Kuziba ufa mapema ni bei ndogo sana ukilinganisha na kufumua lami yote.

"Si tulipaka ile nyeusi juzi?" Ile ya kupaka juu ya lami ni losheni bana, inakinga jua na mafuta ya gari, haiongezi nguvu. Lami ikishapasuka kama ngozi ya mamba ujue msingi umeondoka, hapo unampaka maiti wanja.

"Bodi nzuri haipandishi ada." Piga hesabu: tuseme kuweka lami upya ni dola 240,000, nyumba 80, miaka 20, ni dola 12.50 kwa mwezi kila nyumba. Msipoweka akiba inakuja barua moja ya dola 3,000, na ukigoma wanaweza kuweka dai la deni kwenye nyumba yako. California sheria inataka akiba ikaguliwe angalau kila miaka 3. Kwetu ada iligandishwa miaka na miaka tukapiga makofi, barua ilipofika jirani aliyepiga makofi kuliko wote alishauza nyumba kahama.