Kwa nini jinamizi humkaba mtu usiku, na popobawa anaingiaje hapo?

Usiku wa manane macho yanafunguka. Chumba unakiona, chandarua unakiona, lakini mkono haunyanyuki. Kifuani kuna uzito, pumzi inabana, na pembeni ya kitanda unahisi kabisa kuna mtu. Unataka kupiga ukelele, sauti haitoki. Halafu ghafla mwili unaachiwa, umelowa jasho. Waswahili tunasema umekabwa na jinamizi. Huko Newfoundland, Kanada, husema ni bibi kizee aliyekukalia kifuani. Wamisri wengi husema ni jini.

Mwilini kinachotokea kinaeleweka. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba usingizi una vipindi ambavyo macho huenda mbio chini ya kope, na humo ndimo zinamokuja ndoto zilizo wazi zaidi. Wakati huo shina la ubongo huzuia amri za kwenda kwenye misuli, usije ukamrushia ngumi uliyelala naye kwa sababu umeota unapigana. Ni ulinzi. Mara nyingine, hata hivyo, fahamu hurudi kabla kizuizi hicho hakijaondoka. Mtu yuko macho, mwili bado umelala.

Uzito wa kifuani nao una maelezo. Misuli ya mbavu imelegea, na unapumua kwa kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Ukijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu kifua hakitii, nawe unahisi umekaliwa. Hewa hata hivyo inaingia, na hilo ni vyema kulijua mapema. Na yule mtu wa pembeni? Ndoto haijakwisha, na sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu ziko kazini. Mwaka 2006 Olaf Blanke na wenzake nchini Uswisi walisisimua kwa umeme eneo la ubongo lililo juu kidogo ya sikio la kushoto la mgonjwa wa kifafa, naye akahisi kuna mtu nyuma yake anayeiga kila mkao wake. Aliyehisi hivyo hakuwa mwongo wala mwendawazimu.

Hata matabibu wa zamani hawakuliacha jambo hili kwa waganga peke yao. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanuni, aliliweka miongoni mwa maradhi ya kichwa.

Sasa tuje kwa popobawa, pepo anayeogopwa visiwani Zanzibar. Mwaka 1995 hofu yake ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja. Watu walisema huingia usiku, humkandamiza mtu kitandani na kumwingilia, kisha humwamuru awasimulie wengine, la sivyo atarudi. Familia nzima zikalala nje, zimezunguka moto, zinakesha. Ukisikiliza simulizi hizo, mwili kuwa mzito, sauti kupotea, kitu kukalia kifua, unalitambua jinamizi. Na kukosa usingizi, au kulala kwa vipande vipande, ni miongoni mwa mambo yanayoleta hali hiyo. Kwa hiyo kukesha kumkimbia popobawa kuliweza kabisa kumleta usiku uliofuata. Simulizi nazo zilikwisha kumpa sura kabla hajafika.

Hapa ndipo naona imani na sayansi zinakutana kwelikweli. Mtafiti Baland Jalal na wenzake waliwalinganisha watu wa Misri na wa Denmark waliowahi kukumbwa na hali hii. Wamisri, ambao wengi waliihusisha na nguvu zisizoonekana, waliogopa zaidi kwamba watakufa, na walisema walibaki wameganda kwa muda mrefu zaidi. Imani yenyewe imo ndani ya tukio, inalikoleza. Kwa sababu hiyohiyo siwacheki wanaosoma Ayatul Kursiy au kusali kabla ya kulala. Anayelala na moyo uliotulia ameipunguza hofu, na hofu ndiyo chakula cha jinamizi.

Lakini usingizi haujibu kila kitu. Kwa nini 1995, na kwa nini ilianzia Pemba? Oktoba ya mwaka huo Zanzibar ilifanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, na mvutano ulikuwa mkubwa. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeichunguza hofu hiyo kwa kina, ameonyesha jinsi ilivyofumwa na siasa za visiwani. Mashine za kupima ubongo hazina la kusema hapo. Hapo unahitaji kuwasikiliza watu. Na imani nayo ina mahali inapopotoka vibaya mno: katika hofu ile umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili, ukimdhania kuwa ndiye popobawa. Jinamizi la kitandani halijamuua mtu yule; waliomuua ni watu waliokuwa wakitafuta umbo la kulishika mchana.

Likikukamata, usishindane na kifua. Pumua polepole, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mkono au cha mguu. Lala saa zilezile kila siku, na ulale ubavu, kwa maana hali hii huwapata zaidi wanaolala chali. Ikiwa inarudi mara kwa mara, na mchana unashikwa na usingizi usiozuilika hata ukiwa katikati ya mazungumzo, nenda hospitali. Huo waweza kuwa ugonjwa uitwao narcolepsy (si malale), nao una dawa zake.