Kibao cha Jina la Mfadhili: Yanayosemwa na Yaliyopo

Pale kwenye makumbusho ya Ujiji, chini ya miembe inayosemekana kuwa uzao wa ule ulioshuhudia Stanley akimkuta Livingstone mwaka 1871, nilikaa na mzee mmoja tukabishana kwa sababu ya picha. Mjukuu wake anasoma ng'ambo. Alikuwa amemtumia babu picha akiwa kwenye makumbusho ya sanaa ya chuo chake, nyuma yake ukuta umejaa majina ya watu kama matokeo ya mtihani. Mzee hakuhitaji maelezo: "Hao ndio waliojenga. Wazungu wanapenda kujisifu." Nimeyasikia hayo mara nyingi hapa Kigoma, mwisho wa reli, na karibu kila kipande chake kina kasoro.

"Jina lililo ukutani ni la aliyejenga"

Si lazima. Vyuo vingi huandaa orodha ya bei za kuweka jina: jengo zima, ukumbi, chumba cha maonyesho, ngazi, benchi, hata kiti kimoja cha ukumbi wa mihadhara. Bei haifuati mifuko ya saruji, inafuata macho ya watu. Sebule ndogo anayoipita kila mgeni inaweza kuwa ghali kuliko stoo kubwa ya nyuma. Na anayepewa jina la jengo mara nyingi ametoa sehemu tu ya gharama, wengine wakajazia.

Mfano mkongwe ni wa Elihu Yale. Mwaka 1718 alikipelekea chuo kimoja cha Connecticut marobota 9 ya bidhaa, vitabu 417 na picha ya Mfalme George wa Kwanza. Bidhaa zikauzwa, zikaleta zaidi ya pauni 500, na chuo kizima kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Wafanyabiashara wa hapa kwetu Kibirizi wakisikia hesabu hiyo watatikisa kichwa.

"Pesa zote zinaishia kwenye matofali"

Hapa watu wa Ujiji ndio wasiopaswa kukosea, maana wakfu wanaujua. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi. Kodi yake ndiyo inayohudumia msikiti. Mfuko wa wakfu wa chuo unakwenda vivyo hivyo. Mtaji unawekezwa, na kila mwaka chuo kinachota kidogo, kwa kawaida kama asilimia 4 au 5. Ukitoa bilioni 1, usitegemee iliwe yote kwenye sherehe ya ufunguzi; itazaa kama milioni 40 au 50 kila mwaka, na hizo zinaweza kumlipa mhifadhi wa michoro. Cheo chake nacho hubeba jina lako, kwa hiyo hata mtu anaweza kuwa "kibao".

Tatizo ni kwamba makumbusho ya sanaa huliwa na vitu visivyopendeza kwenye picha. Mchoro wa rangi za maji hupauka kwa mwanga, kwa hiyo hutundikwa miezi michache kisha hurudishwa gizani kupumzika. Kinyago cha mti kinaogopa bungua na unyevu. Anayeishi kando ya ziwa hili haelezwi habari za unyevu. Mashine ya kudhibiti hewa inakula umeme usiku na mchana. Sasa niambie, nani atataka jina lake kwenye mashine hiyo? Wote wanakimbilia mlango mkubwa. Kwa maoni yangu, chuo chenye akili huuza jina la mlango kisha hukata fungu la kutunza paa na mashine humo humo, na hulisema hilo mapema kabla mfadhili hajatia saini.

"Likishawekwa ni la milele"

Kigoma tuna ushahidi unaoelea. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande mpaka hapa, ikaitwa Graf von Götzen kwa heshima ya gavana wa zamani wa Kijerumani. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa, na iliporudi kazini mwaka 1927 jina la gavana lilikuwa limeshabaki ziwani.

Kwenye majengo, jina ni mkataba, na mkataba una muda na masharti. Avery Fisher alitoa dola milioni 10.5 mwaka 1973, ukumbi wa muziki New York ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 2014 familia yake ilikubali kulipwa dola milioni 15 ili jina liondoke, na mwaka 2015 tajiri David Geffen akaingia kwa milioni 100.

La Sackler ni gumu zaidi. Familia hiyo ilihusishwa na vidonge vya maumivu vya OxyContin, vinavyolaumiwa kwa uraibu, na mwaka 2021 makumbusho ya Metropolitan ya New York yakaling'oa jina lao kwenye kumbi kadhaa. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kina makumbusho yenye jina la Arthur Sackler. Wanafunzi walidai lifutwe, chuo kikakataa mwaka 2024. Arthur huyu alifariki mwaka 1987, na vidonge vile viliingia sokoni 1996. Ukoo mmoja, hukumu mbili.

"Mwenye pesa ndiye anayeamua"

Kuchagua kazi za kutundika ni kazi ya wahifadhi. Lakini masharti ya zawadi yanabana kweli. Mwaka 1949 mchoraji Georgia O'Keeffe alikipa Chuo Kikuu cha Fisk, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, kazi 101 za sanaa kwa sharti zisiuzwe. Chuo kilipobanwa na ukata, kesi iliburuzwa mahakamani miaka kadhaa. Mwisho wake, mwaka 2012, nusu ya umiliki ilikwenda kwa makumbusho ya Arkansas kwa dola milioni 30, na sasa mkusanyo unahama kila baada ya miaka 2.

"Ni mambo ya Wazungu, tena ya kutafuta sifa"

Yemisi Shyllon ni Mnigeria. Alikipa Chuo Kikuu cha Pan-Atlantic, Lagos, kazi za sanaa 1,000 na fedha za ujenzi. Makumbusho yenye jina lake yakafunguliwa 2019. Upande wa pili yupo Paul Mellon: aliipa Yale picha, jengo na mfuko wa kuliendesha, kisha akakataa jina lake kuwekwa. Kituo hicho kilichofunguliwa 1977 kinaitwa tu cha sanaa ya Uingereza. Mkono wa kushoto usijue, kama tulivyofundishwa.

Mzee alibaki na swali moja: je, kibao kinapigwa misumari siku ya kuahidi au siku ya kulipa? Nikamwambia ahadi kubwa hulipwa kwa mafungu, pengine miaka 5, na mikataba mingi inakiruhusu chuo kuondoa jina mafungu yakikatika.

Akacheka sana. Kwenye daftari la harusi ya mwanawe, alisema, kuna mbuzi wa mwaka juzi bado yuko njiani.