TSH ikipanda, tezi imelegea

Karatasi ya majibu ya kipimo cha damu inasema TSH, homoni inayoihimiza tezi ya shingo, ni 12, na pembeni kuna alama kwamba imezidi. Mgonjwa aliyekwisha kuanzishiwa dawa ya tezi ya shingo akiona hivyo hudhani dawa ndiyo imemzidi. Akifika kwake Makorora anaanza kukata kidonge nusu. Kwa kufanya hivyo anajirudisha nyuma, kwa sababu kipimo hiki husomwa kinyume: namba ikiwa kubwa, mara nyingi homoni ya tezi mwilini ni kidogo.

TSH haitengenezwi na tezi ya shingo. Hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo sana iliyo chini ya ubongo, nayo huihimiza tezi ya shingo itoe homoni. Mfikirie mama anayemwita mtoto aliyezama mchezoni: akiitikiwa hunyamaza, asipoitikiwa hupaza sauti. TSH ndiyo sauti hiyo. Kwa mtu mzima maabara nyingi huweka kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi, ila mipaka hutofautiana, kwa hiyo fuata iliyochapwa kwenye karatasi yako. Tezi iliyolegea, yaani isiyotoa homoni ya kutosha, huleta uchovu, choo kigumu, ngozi kavu, uzito kupanda, na kuhisi baridi hata kwenye joto la Tanga. TSH iliyoshuka karibu na sifuri kwa kawaida huonyesha homoni imezidi: moyo hudunda, mikono hutetemeka, mwili hukonda.

Namba ya pili ni T4 huru, yaani homoni yenyewe inayozunguka kwenye damu. TSH juu na T4 chini, tezi imelegea bila ubishi. TSH ikiwa juu kidogo na T4 iko sawa, mara nyingi daktari hurudia kipimo kwanza kabla ya kuandika dawa. T3, homoni nyingine ya tezi hiyo, husaidia zaidi kupimwa pale tezi inapodhaniwa kufanya kazi kupita kiasi. Kwa anayefuatilia dozi ya tezi iliyolegea, mara nyingi ni kupoteza hela bure.

Shingo iliyovimba, rovu, haitoi jibu. Unaweza kuwa nalo na vipimo vyote vikawa sawa. Chumvi yenye madini joto huzuia rovu la upungufu wa madini hayo (na chumvi ya mashambani huku pwani haina ya kutosha kwa kuwa tu imetoka baharini), lakini haiwezi kufufua tezi iliyoharibiwa na kinga ya mwili wenyewe.

Dawa inayotumika ni levothairoksini, homoni ileile ya T4 iliyotengenezwa kiwandani. Dozi yake huhesabiwa kwa maikrogramu, na tumbo ndilo linaloamua kiasi gani kitaingia. Imeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha ngoja nusu saa hadi saa nzima. Hapo ndipo wengi tunapoharibu, maana asubuhi yetu ni chai ya maziwa na maandazi, na wengine wameshapitia kahawa chungu barazani baada ya swala ya alfajiri. Maziwa na kahawa vyote hupunguza dawa inayofyonzwa. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia ni vibaya zaidi: vitenganishe na dawa hii kwa muda wa saa 4.

Mjamzito ana mtego wake. Mahitaji yake ya homoni hupanda mapema, na kliniki nayo inampa vidonge vya madini ya chuma. Akivimeza pamoja na dawa ya tezi ili asisahau, dozi inapungua wakati ule ule ilipotakiwa kuongezwa. Dawa ya tezi aimeze alfajiri, ya damu usiku, na amwambie daktari mara tu anapojua ana mimba.

Mwezi wa Ramadhani dawa haiachwi. Inaweza kumezwa wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho, au nusu saa kabla ya daku kwa anayeweza kuamka. Panga na daktari kabla mwezi haujaandama, halafu shika saa ileile.

Dozi ikibadilishwa, rudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huisha kwa takriban siku 7, na TSH huifuata polepole. Kupima baada ya wiki 2 kunaleta namba ambayo bado iko njiani. Ucheleweshaji huohuo humuumbua aliyeruka vidonge mwezi mzima, kisha akavikumbuka siku chache kabla ya kliniki: T4 inaonekana nzuri, TSH bado iko juu. Afadhali aseme ukweli, kwa sababu daktari asiyejua anaweza kumwongezea dozi, na dozi iliyozidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa wazee.

Siku ya kipimo toa damu kwanza, kidonge kifuate, maana T4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache angalau siku 2 kabla: haviigusi tezi, ila vinaweza kuidanganya mashine ya maabara.