Je, Wajua Kwa Nini Gari Lililokimbia Juu ya Chumvi Hufunguliwa Hadi Nati ya Mwisho?

Mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwamba chumvi hula chuma. Mageti ya Nyali, mabati ya Likoni na sakafu za tuktuk zinazozunguka mjini usiku na mchana ni ushahidi tosha. Kinachoshangaza ni kwamba wapo watu wanaojenga gari kwa miaka, wakatumia akiba yao yote, kisha wakalipeleka kwa hiari yao kwenye uwanda wa chumvi tupu na kulikimbiza huko kwa kasi ya kutisha; na bado gari hilo likarudi mwaka uliofuata, na mwingine baada ya huo, likiwa zima. Wanafanyaje?

Uwanda mashuhuri zaidi wa mbio hizo ni Bonneville, ulioko magharibi mwa jimbo la Utah nchini Marekani, karibu na mji mdogo wa Wendover. Ni mabaki ya ziwa kubwa la kale lililokauka na kuacha chumvi yake. Wakati wa baridi maji ya kina kifupi hutuama juu ya uwanda huo, na yanapokauka kiangazi huacha uso mpya, mgumu na ulionyooka kiasi kwamba dereva anaweza kukanyaga mafuta kwa kilomita kadhaa bila kukutana na kona wala tuta. Hapo ndipo Malcolm Campbell wa Uingereza alipofikia kasi ya kilomita 484 kwa saa mwezi Septemba 1935, na ndipo Gary Gabelich alipofikia kilomita 1,001 kwa saa mwaka 1970 akiwa ndani ya Blue Flame, gari lililosukumwa na roketi. Mashindano ya Speed Week, yaliyoanza mwaka 1949, huwakusanya wapenzi wa kasi kila Agosti, isipokuwa pale hali ya uso inapokataa, kama ilivyotokea mwaka 2014 na 2015.

Jambo ambalo picha hazionyeshi vizuri ni kwamba chumvi ile si kavu. Maji ya chumvi kali yako karibu sana chini ya tabaka la juu, na unyevu wake ndio unaozipoza tairi zisipasuke kwa joto. Sifa hiyo hiyo inayomfaa dereva ndiyo inayoliumiza gari, kwa kuwa chumvi yenye unyevu hairuki kama vumbi na kupeperuka, bali hunata. Gurudumu huirusha ndani ya bawa la gari, ikajikandamiza juu ya springi, ikaingia kwenye mabomba ya fremu kupitia kila tundu, na ikikauka hushika kama ukoko wa wali chini ya sufuria: kuukwangua ni kujitafutia kazi, na njia ya busara ni kuuloweka.

Sasa, kwa nini chumvi hula chuma? Kusema kweli, chumvi yenyewe haili chochote. Kutu ni matokeo ya chuma kukutana na oksijeni mbele ya maji. Sehemu moja ya bati huachia elektroni, sehemu nyingine huzipokea kwa msaada wa oksijeni, na ili mzunguko huo uendelee ni lazima kuwe na kimiminika cha kupitisha chaji kati ya sehemu hizo mbili. Maji safi hupitisha chaji kwa shida, ilhali maji ya chumvi huipitisha kwa wepesi mkubwa. Juu ya hayo, kloraidi iliyomo katika chumvi hutoboa utando mwembamba wa oksidi ambao ndio kinga ya asili ya alumini na ya chuma kisichoshika kutu, na hapo ndipo rimu ya alumini inayoonekana imara huanza kuota vishimo vidogo vidogo. Mahali bolti ya chuma inapokaza kipande cha alumini ni pabaya zaidi, maana metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayolipa gharama.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nami naliona ndilo kiini cha suala zima. Chumvi ya kawaida hufyonza maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya takriban asilimia 75, punje ya chumvi hubaki kavu na karibu haina madhara. Ukipanda juu ya hapo, punje huyeyuka yenyewe na kuwa tone la maji ya chumvi, hata kama hakuna mvua wala umande. Chumvi inayotokana na bahari ina pia kloraidi ya magnesiamu, ambayo huanza kulowa hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu au hivi. Ndiyo sababu gari lililobeba chumvi katika jangwa la Utah mchana wa Agosti linaweza kukaa bila kudhurika sana, lakini likishafikishwa kwenye gereji iliyo pwani, ile chumvi iliyolala huamka. Mombasa, hewa ya usiku na ya alfajiri hupita kiwango hicho cha asilimia 75 karibu mwaka mzima, iwe kaskazi iwe kusi. Kwa hiyo gari letu hubaki limelowa maji ya chumvi hata siku ambayo mwenyewe angeapa kwamba lilishinda juani.

Kipimo cha chumvi ndani ya maji nacho kina ajabu yake. Mtu angedhani kadiri maji yanavyokolea chumvi ndivyo chuma kinavyooza haraka, lakini sivyo. Maji yaliyokolea mno hubeba oksijeni kidogo, na oksijeni ikipungua kutu hupunguza mwendo. Chuma cha kawaida huoza kwa kasi kubwa zaidi katika maji yenye chumvi ya asilimia 3 hadi 3.5, kiasi ambacho kinalingana kabisa na maji ya Bahari ya Hindi. Kwa mwendesha mbio wa Bonneville, maana yake ni kwamba kuosha gari nusunusu ni hatari kuliko inavyodhaniwa: ndoo moja ya maji iliyomwagwa juu ya bonge la chumvi haiondoi adui, bali humzimua hadi afike pale anapofanya kazi yake vizuri zaidi. Ama uoshe mpaka chumvi iishe, ama uache mpaka uwe na maji ya kutosha.

Maandalizi huanza kabla gari halijafika uwandani. Kila mkwaruzo wa rangi huzibwa, kwa sababu kutu hupenda kuingia kupitia ufa mdogo na kutambaa chini ya rangi. Upande wa chini wa gari na ndani ya mabawa hupakwa nta, grisi nyepesi au mafuta ya kupulizia. Wapo hata wanaotumia mafuta ya kupikia ya kopo la kupuliza, ambayo ni rahisi na hutoka kwa sabuni. Lengo si kulifanya gari lisiguswe na chumvi milele. Lengo ni kuweka utando ambao chumvi itaunata badala ya kuunata mwili wa gari, ili ukioshwa uondoke nayo. Matundu ya fremu na maungio ya bati huzibwa kwa utepe, na kila soketi ya umeme hujazwa grisi isiyopitisha umeme. Breki na bomba la moshi haviguswi na mafuta kwa hali yoyote, kwani breki yenye mafuta haishiki, na mafuta juu ya bomba la moto ni mwaliko wa moto.

Anayedhani kwamba habari ya soketi ni umakini uliopita kiasi atazame yaliyotokea katika mbio ndefu za magari na pikipiki ziitwazo Dakar mwezi Januari 2015, zilipopita kwenye Salar de Uyuni nchini Bolivia, uwanda wa chumvi mkubwa kuliko wote duniani, wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanda ulikuwa umefunikwa na maji. Pikipiki zilipita humo kwa kasi, maji ya chumvi yakaingia kwenye nyaya na kuganda juu ya radiata, na kadhaa zikazimika. Joan Barreda, aliyekuwa akiongoza mbio hizo kwa pikipiki ya Honda, aliishia kuvutwa kwa kamba, na uongozi ukamponyoka. Kutu huchukua miezi, lakini umeme uliolowa maji ya chumvi hukata tamaa ndani ya saa chache.

Baada ya mbio ndipo kazi kubwa ilipo. Mwendesha mbio mzoefu haoshi gari kwa bomba la shinikizo kubwa kwanza, ingawa macho hupenda kuona uchafu ukiruka. Maji yenye nguvu nyingi husukuma chumvi ndani zaidi, ikapenya kwenye maungio na kuvuka mihuri ya mpira ya beringi. Badala yake hutandika chini ya gari kile kinyunyizio cha bustani, akakiacha kikirusha maji polepole kwa saa kadhaa, kisha akalisogeza gari na kurudia. Maji ya moto hayaongezi mengi: lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha takriban gramu 360 za chumvi, na yakichemshwa hufika karibu gramu 390 tu. Faida ya moto ni kulainisha grisi na nta iliyobeba chumvi. Kinachoyeyusha chumvi ni wingi wa maji na muda.

Kisha hufunguliwa magurudumu, ngoma za breki, sakafu na vifuniko vyote, maana chumvi iliyojificha kati ya vipande viwili vya bati haifikiwi na maji ya kinyunyizio. Grisi ya beringi hubadilishwa yote. Mabomba ya fremu huingiziwa maji upande mmoja mpaka yatoke safi upande wa pili, hukaushwa kwa upepo wa kompresa, na mwisho hupuliziwa mafuta ndani. Gari la kuvutia na trela lake hupitia adhabu hiyo hiyo, na mara nyingi ndiyo yanayosahaulika na kuoza kabla ya gari la mbio.

Kwetu Mombasa tatizo la kwanza ni maji yenyewe. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, na vituo vingi vya kuoshea magari hutumia maji hayo kwa sababu maji matamu ya bomba hayapatikani kila siku, na yakipatikana hununuliwa kwa madumu. Gari linalooshwa kwa maji ya kisima cha namna hiyo linang'aa kwa nje, huku mashimo ya milango na maungio ya sakafu yakiongezewa chumvi kila wiki. Jaribu kuliacha tone la maji hayo likauke juu ya bati jeusi la boneti, utaona duara jeupe lenye ukingo mnene kuliko katikati. Duara hilo liko pia ndani ya mlango, mahali usipoweza kulifuta. Kama maji matamu ni haba, ni afadhali kuosha kwa maji ya kisima na kuyatenga madumu mawili ya maji matamu kwa ajili ya kusuuza mwisho, hasa chini ya gari, kuliko kuyamaliza kwenye povu. Ushauri huo unawahusu zaidi wanaovuka Likoni kila siku, ambao magari yao hukanyaga mteremko wa feri ukiwa umelowa maji ya bahari.

Tatizo la pili ni oili chafu. Mafundi wengi hupaka oili iliyomwagwa kutoka injini chini ya chasi, na ni kweli kwamba inazuia maji kwa muda. Lakini oili hiyo huozesha mpira wa bushi na wa mabomba ya breki, huchuruzika barabarani na kuishia baharini, na ikipakwa juu ya chasi ambayo haijaoshwa huifungia chumvi ndani yake. Vivyo hivyo kwa rangi nzito ya lami: ikipakwa juu ya bati safi na kavu ni kinga nzuri, ikipakwa juu ya chumvi na kutu huonekana nzima kwa nje wakati chuma kinaoza chini yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi huvimba kwanza kisha ikapasuka. Ukibonyeza uvimbe huo kwa bisibisi, mara nyingi bisibisi huingia.

Mwisho, wapo wauzaji wa vifaa vya umeme vinavyodaiwa kuzuia kutu vikifungwa kwenye betri ya gari. Wazo limetoka melini. Meli zinazotia nanga Kilindini hubeba vipande vya zinki kwenye sehemu ya chini ya mwili wao, navyo huliwa badala ya chuma, kwa kuwa zinki na chuma vyote vimezama katika maji mamoja yanayoviunganisha. Gari halikai ndani ya maji. Limezungukwa na hewa, na matone yaliyotengana juu ya bati hayawezi kukiunganisha kifaa kilichofungwa karibu na betri na kutu iliyoko kwenye mlango wa nyuma. Zinki hulifaa gari pale tu inapokuwa imepakwa juu ya bati lenyewe, kama viwanda vingi vinavyofanya siku hizi, na hata hapo mkwaruzo mkubwa ukiachwa bila kuzibwa, zinki ya jirani itaisha na chuma kitafuata.