Uasi wa Wiski haukuwa Boston ya pili

Mjadala wa kodi ukipamba moto, hakosekani mtu wa kuutaja Uasi wa Wiski wa Marekani kama ushahidi kwamba watu wale hawakukubali kamwe kutozwa kodi bila kuwa na mwakilishi. Hoja hiyo imeazimwa kutoka tukio jingine kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Uasi wa Wiski ni upinzani wa wakulima, hasa wa magharibi mwa Pennsylvania, kati ya 1791 na 1794, dhidi ya ushuru ambao serikali ya Rais George Washington iliuweka kwenye pombe kali zinazopikwa nchini. Aliyeubuni ni Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton. Alitaka pesa za kulipa madeni ya vita vya uhuru, yakiwemo ya majimbo ambayo serikali kuu ilikuwa imeyabeba.

Sasa tuje kwenye Boston. Wakazi wa mji huo, uliokuwa koloni la Uingereza, waliomwaga chai baharini mwaka 1773 wakipinga kodi, walitozwa na bunge la London, ambalo hawakuwa na mbunge hata mmoja ndani yake. Wakulima wa Pennsylvania walikuwa na wabunge wao. William Findley, mtu wa huko huko magharibi, alikuwa bungeni muda wote wa mgogoro, na malalamiko yaliandikwa na kupelekwa kwa utaratibu. Sauti walikuwa nayo. Ila kura zilikuwa chache. Walichokipinga ni jinsi ushuru wenyewe ulivyoundwa, na hapo ndipo wengi wanaporuka.

Mkulima wa ng'ambo ya milima ya Allegheny hakuwa na barabara ya maana ya kumfikisha kwenye masoko ya mashariki. Nafaka ni mzigo mzito usio na bei. Ikishapikwa ikawa wiski, farasi mmoja aliweza kuvusha mavuno ambayo yangehitaji farasi kadhaa. Tena pesa taslimu zilikuwa adimu, hivyo wiski ilitumika kama fedha: kibarua alilipwa wiski, na dukani ilipokelewa. Serikali ikaja ikataka pesa taslimu.

Halafu ushuru ulihesabiwa kwa galoni, si kwa bei. Wiski ya magharibi iliuzwa kwa bei ya chini kuliko ya mashariki, kwa hiyo senti zile zile zilimega sehemu kubwa zaidi ya pato la mkulima. Mwenye mtambo mkubwa uliofanya kazi mwaka mzima aliweza kulipia ukubwa wa mtambo wake kwa mwaka, na kadiri alivyozidisha kupika, ndivyo ushuru wa kila galoni ulivyopungua. Aliyepika msimu mmoja baada ya mavuno hakuipata nafuu hiyo.

Ila lililowachoma zaidi, kwa maoni yangu, ni mahakama. Aliyeshtakiwa alitakiwa kufika Philadelphia, safari ya takriban kilomita 480 kuvuka milima, shamba likibaki bila mtu. Bunge lilirekebisha jambo hilo Juni 1794, lakini hati zilizopelekwa kwa wakulima mwezi uliofuata bado ziliwaita Philadelphia. Moto ukawaka hapo. Nyumba ya John Neville, msimamizi wa ushuru (naye tajiri mwenye mtambo wake), ilichomwa, na James McFarlane, askari wa zamani wa vita vya uhuru aliyewaongoza wakulima, akauawa kwa risasi.

Sisemi walikuwa malaika. Mwaka 1791 walimkamata mtoza ushuru Robert Johnson, wakampaka lami na kumbandika manyoya ya ndege.

Washington aliita wanamgambo karibu 13,000 na kusafiri nao sehemu ya njia. Walipofika hawakukuta jeshi la kupigana nalo. Wawili walihukumiwa kwa uhaini, naye akawasamehe. Ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1802, wakati wa Rais Thomas Jefferson. Washington, alipostaafu, alifungua mtambo wake wa wiski shambani kwake Mount Vernon, na ukawa miongoni mwa mikubwa zaidi nchini.

Jambo la mwisho, kwa upole, kwa wanaomwingiza Daniel Shays katika kisa hiki: huyo aliongoza uasi mwingine, wa Massachusetts, 1786 hadi 1787, kabla Katiba ya sasa haijaanza kutumika. Wafuasi wake walikabiliana na kodi za jimbo na madeni, wakazifunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mali. Serikali kuu ya wakati huo haikuwa na fedha za kupeleka jeshi, na kikosi kilichowazima kililipwa kwa michango ya wafanyabiashara wa Boston.